Seva Inapoishiwa Kumbukumbu Siku ya Kazi Nyingi

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Nawaomba walimu wafute ubao, maana leo tutapiga hesabu kidogo, na kila mmoja wenu awe na daftari na kalamu yake.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya seva, na hasa seva inayoishiwa kumbukumbu siku ile ambayo watu wanaihitaji zaidi. Najua wako watakaouliza: sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika, mambo ya seva yatuhusu nini? Yanatuhusu. Katika madarasa haya wamo wajumbe wa kamati za vyama vya ushirika, na vya akiba na mikopo. Siku hizi vyama vingi huweka hesabu za wanachama katika kompyuta, na mwanachama huuliza salio lake kwa simu akiwa nyumbani kwake. Kompyuta inayojibu maswali hayo ndiyo seva. Ikikwama, fundi huja mbele ya kamati akasema, "Kumbukumbu imekwisha, hatuna budi kununua nyingine," na kamati hutia sahihi. Fedha hizo ni za wanachama. Mtu atiaye sahihi hati ya malipo yampasa ajue analipia nini, na ajue maswali ya kumwuliza fundi.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kumbukumbu ninayoitaja hapa si zile kumbukumbu za mkutano anazosoma katibu. Fikirini ofisi ya chama. Ukutani pana kabati kubwa lenye majalada yote, na katikati pana meza. Karani hawezi kufanya kazi na jalada likiwa kabatini. Hana budi alitoe na kulifungua mezani. Katika kompyuta kabati ndiyo diski, na meza ndiyo kumbukumbu. Kabati ni kubwa lakini kulifikia huchukua muda. Meza ni ndogo, lakini kila kilicho juu yake kiko karibu na mkono. Basi kuishiwa kumbukumbu ni kukosa nafasi mezani, hata kama kabati lina nafasi tele.

Na seva pepe ni nini? Ni seva isiyokuwa na mwili wake peke yake. Mwenye mali ana mashine moja kubwa, naye huigawa kwa programu maalumu kama mtu anayegawa jumba lake vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji huona chumba chake tu, akadhani ana kompyuta nzima. Jambo hili si geni kama watu wanavyofikiri. Wahandisi wa kampuni ya IBM walikuwa wakiligawa tungamo moja la mashine kwa namna hiyo tangu miaka ya 1960 huko Cambridge, Massachusetts, Marekani. Lililo jipya ni kwamba leo hata chama kidogo huweza kupanga chumba kwa malipo ya kila mwezi.

Sasa tuchukue mfano mmoja, nao tutakwenda nao. Tuseme chama kimepanga seva pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Kwa hesabu yetu tuziite megabaiti 2,000, ingawa fundi atawaambia kuwa si sawasawa kabisa. Ndani yake mna mfumo wa Linux, ule ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Mna programu iitwayo Apache, inayopokea wageni wanaokuja kwa simu zao. Na mna hifadhidata ya MySQL, ambamo akaunti za wanachama zimeandikwa. Siku za kawaida kazi huenda vizuri. Kisha chama hutangaza gawio la mwaka. Saa mbili asubuhi wanachama wote wataka kuona wamepata kiasi gani. Saa tatu kurasa zaanza kufunguka polepole, na saa tatu na nusu simu zote zaonyesha ujumbe mmoja: hifadhidata haipatikani. Fundi azima na kuwasha. Yafanya kazi dakika kumi, yaanguka tena. Kufika saa tano kuna kundi la watu mbele ya mlango wa ofisi wanaosema fedha zao zimeliwa.

Hapo ndipo watu hukosa subira. Jambo la kwanza la kumwuliza fundi ni hili: kabla ya kuzima na kuwasha, ulisoma daftari la matukio? Linux huandika yanayoipata. Fundi akiandika amri ya "dmesg" atasoma maandishi ya kiini cha mfumo, lakini maandishi hayo hukaa ndani ya kumbukumbu yenyewe. Ukizima mashine yanafutika, isipokuwa kama seva imepangwa kuyahifadhi katika diski. Anayekimbilia kuzima na kuwasha huenda anafuta ushahidi kwa mkono wake.

Maneno ya kutafuta ni ya Kiingereza, nami namwomba mwalimu ayaandike ubaoni herufi kwa herufi: "Out of memory", na karibu yake, "Killed process". Maana yake, kumbukumbu imekwisha, na programu fulani imeuawa. Baada yake hufuata nambari na jina la programu iliyouawa. Katika mfano wetu jina hilo litakuwa la "mysqld", yaani hifadhidata.

Na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Fundi asomapo jina hilo husema mara moja, "Hifadhidata ndiyo yenye kosa, inakula kumbukumbu." Tusimkubalie haraka. Tazameni jinsi Linux inavyochagua wa kuua. Nafasi inapokwisha kabisa, mfumo huzipa programu alama, na inayotumia kumbukumbu nyingi kuliko nyingine kwa kawaida hupata alama kubwa, ndiyo ikafa. Hauulizi nani alikuja mwisho wala nani alileta msongamano. Ni kama nahodha aliyepatwa na tufani: hutosa baharini shehena iliyo nzito, naye hana muda wa kuuliza nani alipakia kupita kiasi. Hifadhidata ni nzito kwa sababu ya kazi yake. Apache nayo ina watumishi wengi, na kila mmoja peke yake ni mwepesi, basi huponea katika wingi wao. Aliyeuawa anaonyesha kwamba nafasi ilikwisha. Haonyeshi nani aliyeimaliza.

Mtauliza, kwa nini mfumo uliruhusu mambo yafike hapo? Kwa sababu Linux hutoa ahadi kuliko ilicho nacho. Programu ikiomba nafasi, mara nyingi hupewa ahadi tu, na nafasi yenyewe hutolewa pale inapoanza kutumika. Hufanya hivyo kwa kuwa programu nyingi huomba kuliko zitakavyotumia, na siku nyingi utaratibu huu ni wa faida. Siku wote wanapokuja kudai walichoahidiwa kwa pamoja, ndipo panapokuwa na msiba.

Haya, tupime meza. Amri ni "free -m". Kioo kitaonyesha safu za tarakimu, na safu mbili huwapotosha watu. Moja imeandikwa "free", yaani tupu. Fundi mgeni ataona hapo 90, aseme, "Tazameni, katika 2,000 zimebaki 90 tu!" Wajumbe watashtuka na kutoa fedha. Lakini Linux haipendi kuacha meza tupu. Nafasi isiyotumika huijaza nakala za majalada yaliyosomwa karibuni, ili yakitakiwa tena yasifuatwe kabatini. Programu ikitaka nafasi, nakala hizo huondolewa. Safu ya kuitazama ni ile iliyoandikwa "available", yaani inayoweza kupatikana. Safu hiyo hutegemea hesabu iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2014, kwa sababu hasa watu walikuwa wakikosea kusoma ile nyingine. Kama "free" ni 90 na "available" ni 850, hakuna njaa. Kama "available" nayo imeshuka hadi 60 nayo yaendelea kushuka, hapo pana njaa ya kweli.

Pana kitu kingine kiitwacho swapu. Ni sehemu ya diski ambamo mfumo huweka vitu visivyotumika sasa, ili kupunguza msongamano mezani. Seva pepe nyingi ndogo huletwa bila swapu kabisa, na hapo programu huuawa mapema. Mimi naona ni heri kuwa na swapu kidogo, tuseme gigabaiti 1, ipate kutoa nafasi ya kupumua. Lakini swapu si meza. Kama karani anapeleka jalada kabatini na kulirudisha kila dakika, kazi yote imekuwa ni kutembea. Fundi aandike "vmstat 1", kisha atazame safu mbili zenye majina ya herufi mbili mbili: "si" na "so". Ya kwanza ni vinavyorudishwa kutoka swapu, ya pili ni vinavyopelekwa. Zikiwa na sifuri, au tarakimu za hapa na pale, hakuna neno. Zikijaa tarakimu kubwa sekunde baada ya sekunde, seva iko hai kwa jina tu.

Sasa kalamu mkononi. Tupige hesabu ya chama chetu.

Tunazo megabaiti 2,000. Mfumo wenyewe na programu zake ndogo huchukua 300. Hifadhidata huchukua 600. Tuweke akiba 200, maana ofisi isiyo na nafasi ya ziada ni ofisi ya kugongana. Zimebaki ngapi? Toeni. Zimebaki 900. Apache ikiendeshwa kwa mtindo wa zamani humpa kila mgeni mtumishi mmoja, ambaye ni kama karani wetu. Fundi amepima kila karani, akaona anachukua karibu megabaiti 45. Gawanyeni 900 kwa 45. Jibu ni 20. Meza hii ni ya makarani 20.

Kisha mwambieni fundi afungue faili la mipangilio ya Apache, asome palipoandikwa "MaxRequestWorkers". Hapo ndipo panapotajwa makarani wasiopaswa kuzidi. Katika mifumo ya Debian faili hilo huja likiwa na 150 kwa mtindo huo wa zamani, na watu wengi hawaligusi. Zidisheni 150 kwa 45. Ni megabaiti 6,750! Chama kimepanga meza ya watu 20, kikaandika mlangoni kwamba watu 150 waruhusiwe kuingia. Siku za kawaida hawaji zaidi ya 8 kwa wakati mmoja, basi hakuna aliyegundua. Siku ya gawio walikuja.

Neno dogo juu ya kumpima karani. Ukiorodhesha programu kwa amri ya "ps", safu iitwayo RSS humhesabia kila mtumishi hata vile wanavyovitumia kwa pamoja, kama watu kumi walioketi juu ya mkeka mmoja halafu kila mmoja akahesabiwa mkeka mzima. Fundi stadi hutumia kipimo kiitwacho PSS, kinachogawa mkeka kwa waliouketia. Akitumia RSS atakosea kwa upande wa usalama, basi tusimgombeze sana.

Je, tukiandika 20 badala ya 150, tumemaliza? Seva haitauawa tena kwa sababu hiyo. Wageni wa 21 na kuendelea watangoja mlangoni, badala ya kuingia na kuvunja meza. Lakini mwanachama anayengoja naye ana haki ya kujibiwa. Hapa napenda tukae kidogo, maana hesabu hii ni nzuri, nayo hufaa hata penye mizani ya kununulia mazao.

Kama wageni 10 huja kila sekunde, na kila mmoja huhudumiwa kwa sekunde 2, makarani wangapi wana kazi kwa wakati mmoja? Zidisheni: 10 mara 2, ni 20. Meza yatosha. Lakini tuseme siku ya gawio kila swali lachukua sekunde 6. Wageni ni wale wale 10 kila sekunde, wala hawakuongezeka. Mara 6, ni makarani 60. Na 60 mara 45 ni megabaiti 2,700, nasi tulikuwa na 900 tu. Mnaona? Ucheleweshaji peke yake waweza kumaliza kumbukumbu, bila hata mgeni mmoja kuongezeka.

Na tukiwazuia wawe 20, kila mmoja akiwa na sekunde 6 za kazi, watahudumia wageni wapatao 3 tu kwa sekunde, na 10 wanakuja. Mstari utarefuka mpaka jua lizame. Kwa hiyo swali kubwa la kumwuliza fundi ni: kwa nini swali moja lachukua sekunde 6?

Mara nyingi jibu limo katika hifadhidata. Anayetafuta gawio la mwanachama katika kitabu kisicho na faharasa hana budi asome kurasa zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kila anayeuliza. MySQL nayo hufanya vivyo hivyo kama jedwali la gawio halikuwekewa faharasa kwa nambari ya mwanachama. Jedwali la gawio hutungwa mara moja kwa mwaka, na aghalabu kwa haraka, ndiyo maana husahauliwa. Fundi aandike neno "EXPLAIN" mbele ya ombi lake, na MySQL itamwambia inakusudia kusoma mistari mingapi. Tuseme akiweka faharasa, swali lashuka hadi nusu sekunde. Kumi mara nusu ni 5. Makarani 5 mara 45 ni megabaiti 225. Seva ile ile iliyokuwa ikianguka sasa ina nafasi ya kuchezea, na chama hakikununua kitu.

Simaanishi kwamba kununua ni kosa siku zote. Kama hesabu imepigwa, maswali ni mepesi, na bado makarani wanaohitajika hawaenei mezani, basi nunueni, na andikeni hesabu hiyo katika kumbukumbu za mkutano ili wanachama waione. Ninachokataa ni kununua kwa hofu. Chama kinachoongeza gigabaiti 2 hali mlangoni pameandikwa 150 kitaanguka tena mwakani, saa moja baadaye kuliko mwaka huu.

Pana hali mbili zinazofanana na hii, nazo zataka dawa nyingine. Moja ni programu inayovuja, yaani inachukua nafasi na hairudishi. Dalili yake ni kwamba matumizi hupanda mchana na usiku, hata saa nane za usiku wageni wakiwa wamelala. Njaa ya msongamano hupanda na wageni na kushuka nao. Ndiyo maana ni vizuri vipimo viandikwe kila baada ya dakika chache, siku zote.

Hali ya pili hutoka kwa mwenye nyumba. Tumesema seva pepe ni chumba cha kupanga. Wenye mashine kubwa wengine hupangisha kumbukumbu kuliko waliyo nayo, wakitumaini wapangaji hawataitumia yote kwa pamoja. Wakibanwa, hutumia ufundi unaoitwa puto, ambao Carl Waldspurger wa kampuni ya VMware aliueleza mwaka 2002. Ndani ya chumba chako huwekwa programu ndogo, ambayo mwenye nyumba huijaza kama puto. Inavyovimba hukunyang'anya nafasi, naye huipeleka kwa mpangaji mwingine. Utalijuaje? Ukijumlisha programu zako zote hazifikii kile kinachosemekana kimetumika, au jumla yenyewe katika "free -m" imepungua kuliko mliyolipia. Hapo fundi wenu hana kosa. Mwandikieni mwenye seva barua yenye saa, tarehe na tarakimu, mkamwuliza kama kumbukumbu mliyolipia ni yenu peke yenu.

Na wakati haya yote yanarekebishwa, hifadhidata ilindwe. Linux humruhusu fundi kuongeza au kupunguza alama ya programu katika ile orodha ya kuuawa, kwa tarakimu kutoka 1,000 chini ya sifuri hadi 1,000 juu yake. Apunguze alama ya hifadhidata, ili mambo yakiharibika aondoke karani badala ya mtunza daftari kuu. Karani akiondolewa, mgeni mmoja ataulizia tena. Hifadhidata ikiuawa, wote hukatwa, na ikiwaka tena hutumia muda kuhakiki yaliyokuwa yakiandikwa kabla haijapokea mtu.

Walimu, sasa andikeni ubaoni zoezi hili. Chama kina seva pepe ya megabaiti 4,000. Mfumo wachukua 400, hifadhidata 1,600, na akiba ni 400. Kila karani wa Apache achukua 50. Wageni 12 huja kila sekunde, na kila mmoja huhudumiwa kwa sekunde 4. Meza yatosha makarani wangapi, na wanahitajika wangapi? Kisha jadilianeni kama kamati: mtanunua kumbukumbu, au mtamtaka fundi apunguze muda wa kila swali, na aupunguze hadi sekunde ngapi? Jibu liandikwe kwa sentensi kamili, na mmoja wenu alisome kwa sauti kabla darasa halijavunjika. Kwa herini.